Babu wa Zamu ya Usiku

Jamani, ukishastaafu hapa Dar unahesabiwa kama kabati. Upo tu. Mtu akitaka kuweka kitu juu yako anaweka. Mimi nimewekewa wajukuu wawili.

Binti yangu na mumewe wana fremu Kariakoo, wanauza vyombo na mapazia. Kila Aprili wanakwenda China, kule Guangzhou, kwenye yale maonyesho makubwa ya biashara. Maonyesho yenyewe yapo tangu 1957, yaani ni makubwa kwangu, ilitakiwa niyaamkie. Yanaanza tarehe 15, yanaisha tarehe 5 Mei, awamu tatu. Nikauliza kwa upole: si muende awamu moja mrudi? Wapi! Vyombo viko awamu ya pili, mapazia ya tatu. "Baba, katikati hapo hatuwezi kurudi, nauli tutaitoa wapi? Halafu wajukuu wamekumiss." Wamenimiss! Wameshushwa na mabegi mazito kuliko ya wasafiri, na bwana mdogo wa chekechea hata shikamoo hakutoa. Kauliza pasiwedi ya waifai. Nikamwambia hapa kuna feni tu. Akalia.

Wameletwa na karatasi ya masharti, imeandikwa mbele na nyuma, ikabandikwa kwenye friji langu bila kuniuliza. Bwana mdogo asipewe soda. Katuni mwisho saa moja. Karanga asiguse, ana mzio, na mtu aliyekula karanga asimshike. Mimi nimelea watoto sita, hakuna aliyetoka leba na karatasi. Sasa karanga zangu za jioni nazifuata kwa jirani, nanawa mikono mpaka kwenye viwiko, nasukutua, ndipo naruhusiwa kuingia kwenye nyumba niliyoijenga mwenyewe.

Mama watoto ndiyo kabisa. Anampa bwana mdogo soda kwenye kikombe cha chai, kimya kimya. Mimi ninayefuata karatasi ndiye naitwa babu mkali. Bwana mdogo kamtangaza bibi kuwa mke wake. Utani wa babu na mjukuu naujua, nimekua nao, lakini mwenzangu kaupeleka mpaka chumbani. Analala katikati ya kitanda, kwa mapana, visigino mbavuni mwangu. Nikahamia kwenye kochi. Asubuhi kanikuta pale, kaniangalia kwa huruma: "Babu, kwani wewe huna chumba?"

Dada yake yuko darasa la tatu, inglishi midiamu. Huyu bibie ni mtulivu. Mtu mtulivu muogope. Shuleni wakapewa homuweki ya kutengeneza saa ya boksi. Nikasema leo ndiyo leo, kazi za mikono naziweza. Nikachukua boksi la biskuti, nikachora duara kwa sufuria ya wali, mishale nikaikata kwenye kava la daftari, katikati nikaishika kwa kifungo nilichong'oa kwenye shati langu la Idi. Saa ikapendeza mpaka nikatamani kuitundika ukutani. Swali likasema, onyesha "nine o'clock". Kizungu hicho nakijua. Saa tatu. Mshale mdogo nikaupeleka penye tatu, mkubwa juu. Bibie akanitazama.

"Babu, teacher anasema mshale unakaa kwenye tisa."

"Teacher wako kazaliwa lini?"

Saa ikarudi na kosa kubwa la wino mwekundu, na maneno: mzazi afike shuleni. Nikafika. Nimevaa koti kabisa. Mwalimu mwenyewe rika la kitinda mimba wangu. Akanikaribisha kwenye kiti, kumbe kiti cha chekechea, nimekaa magoti yako kidevuni, namsikiliza kwa chini. Akaishika saa yangu, akazungusha mshale taratibu, anatamka kwa kuvuta: "Babaaa, hii ni naaain." Dirishani vichwa vimejaa vinachungulia. Mimi nilimuuliza swali moja tu. Jua limetoka, siku imeanza, imepita saa ya kwanza, sisi tunasema saa moja, yeye anasema saba. Hizo sita kazitumia wapi? Hakujibu. Akanipa homuweki. Mimi! Ya kufanya na kusaini.

Na saa zenyewe siyo mbili tu, kuna na ya China. Wako mbele yetu kwa saa tano. Binti anaamka kule saa moja asubuhi, anasema apige simu kabla hajaingia kwenye maonyesho. Hapa ni saa nane za usiku. Na kule WhatsApp imefungiwa, kwa hiyo bibie kaniwekea WeChat, ina mlio ambao sijui unazimwa wapi. Nakurupuka kwenye kochi natafuta miwani.

"Baba, watoto wamelala?"

"Wamelala."

"Hebu nione."

Nakwenda na tochi. Bwana mdogo anafumbua macho. Anataka maji. Anataka mama. Anataka katuni. Mama anasema, "Haya baba, usiku mwema," anakata. Mke wa bwana mdogo anakoroma. Naachiwa mtu wa miaka mitano aliyelala akashiba usingizi, ananiuliza samaki wanalala saa ngapi.

Tunasinzia saa kumi. Saa kumi na moja basi la shule linapiga honi. Sisi tunakaa Magomeni, shule iko upande wa Upanga, na masika hii Jangwani ikijaa maji basi linazunguka, kwa hiyo linakuja mapema zaidi. Juzi mvua inanyesha, umeme umekatika, soksi moja haionekani. Nikatoka mbio. Mkono wa kulia begi la waridi lenye picha ya mdoli, mkono wa kushoto bwana mdogo anayegoma, kiatu chake nimekibana kwapani. Nikaruka dimbwi. Msuli ukabaki bila mlinzi. Ndani nilikuwa na bukta, namshukuru Mungu, ila ni ya Simba, na dereva ni Yanga. Honi aliyopiga pale hata wafu wa makaburini wameisikia. Dada wa basi, mtoto wa watu, kageukia upande wa pili anajifanya kuhesabu viti. Bibie hakugeuka. Aliangalia mpaka mwisho.

Sasa nikaja kugundua kwamba huyu bibie kila jioni anatuma voisi China. Ripoti! Babu kalala kabla yetu. Babu kala soseji ya mdogo wangu. Babu anamuogopa teacher. Hata habari kwamba mzigo haujatosha kontena, na kwamba baba na mama wanapitia Yiwu kuongezea, mimi nimeipata kwa bibie, anafunga viatu, ananiambia tu kwa kupita. Nikamuuliza wiki ngapi. Akasema itategemea.

Ya msuli bado haijatumwa. Jana kanifuata barazani, kakaa, kakunja nne, kaniambia voisi iko tayari, ni kubonyeza tu. Nikamuuliza anataka nini. Elfu tano. Nikatoa elfu mbili, nikamweleza habari ya kikokotoo na pensheni yangu ilivyokaa. Kasikiliza vizuri, tena kwa adabu. Kaipokea noti, kaikunja mara mbili, kaitia ndani ya soksi.

"Iliyobaki Ijumaa, babu. Saa kumi."

"Saa kumi yangu au ya teacher?"

"Ya China."

Tangu jana napiga hesabu.