Jiko Hulipendi, Njaa Nayo Haikupendi: Milo 10 ya Kurudia Bila Aibu

Tuelewane mapema. Orodha hii si ya yule anayechonga karoti maua huku akisikiliza taarabu. Ni ya mpangaji wa chumba kimoja, Sinza au Tandale, mwenye mtungi wa gesi wa kilo 6, sufuria mbili na kinyongo. Joto la Februari la Dar es Salaam linamtoa jasho akiwa amekaa tu. Mwambie asimame mbele ya moto saa nzima, atakuuliza kama mna ugomvi. Jioni anaishia kwa muuza chipsi: zege moja (chipsi mayai), pilipili nyingi, soda baridi. Kesho tena. Keshokutwa tena.

Sasa hebu mtazame vizuri. Kurudia chakula kilekile hakumsumbui hata kidogo, tena anarudia kwa bidii ya mtu anayelipwa. Shida ni kile anachokirudia. Kitabu cha mapishi hakitamsaidia. Anahitaji milo michache isiyotaka kufikiri, ambayo mwili nao utaishukuru. Hii hapa 10, tunahesabu kushuka hadi bingwa. Chini ya kila mmoja kuna kipimo: unaweza kuurudia mara ngapi kabla hujaanza kununa?

10. Mayai ya kuchemsha, ndizi mbivu na parachichi

Kama unajua kuchemsha maji ya kuoga, mlo huu umeshaufuzu. Weka mayai 6 kwenye sufuria, maji yakichemka hesabu dakika 10, zima. Yai moja lina takribani gramu 6 za protini. Parachichi la Njombe au Rungwe likate katikati, ulile kwa kijiko humohumo kwenye ganda: sahani haijachafuka, na hiyo ndiyo furaha yenyewe. Mayai yaliyobaki, na maganda yake, yanakaa kwenye friji hadi wiki moja.

Chumvi? Kidogo tu. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi ya siku nzima isifike gramu 5, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Siku nzima, bosi, si yai zima.

*Kurudia:* siku tatu mfululizo. Siku ya nne wenzako ofisini watafungua madirisha.

9. Uji wa ulezi

Usiudharau kwamba ni chakula cha wagonjwa na wazazi. Wagonjwa na wazazi wanajua wanachokifanya. Gramu 100 za ulezi zina zaidi ya miligramu 300 za kalisi. Mchele hapo unaachwa mbali hadi unatia huruma. Koroga unga kwenye maji baridi kwanza, ndipo umimine kwenye yanayochemka. Ukigeuza utaratibu utapata mabonge ya kutafuna, na uji hautafunwi. Uache uive vizuri, kamulia ndimu, tia kijiko cha siagi ya karanga. Sukari iwe ya kijiko, si ya koleo. Unaobaki mimina kwenye chupa ya chai, saa nne asubuhi utakuwa bado wa moto.

*Kurudia:* kila asubuhi. Wanaolalamikia uji ni wale waliowahi kunyweshwa kwa nguvu na shangazi.

8. Viazi lishe na maziwa mgando

Ni vile viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa ndani, hazina ya vitamini A. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilikwenda kwa wataalamu wanne, na watatu kati yao walituzwa kwa kazi yao juu ya viazi hivi, akiwemo Robert Mwanga wa Uganda. Watu wamesoma hadi udaktari ili kiazi kikupe vitamini. Wewe umeombwa ukioshe tu.

Chemsha na maganda yake hadi uma upenye bila kubishana. Kando weka bilauri ya maziwa mgando. Umemaliza.

*Kurudia:* mara mbili kwa wiki. Zaidi ya hapo tumbo huanza kutoa maoni, tena kwa sauti.

7. Choroko na wali

Maharage yanadai kulowekwa tangu jana. Choroko hazina madaha. Wakenya wanaziita ndengu na wanazila na chapati hadi wanasahau matatizo. Osha, chemsha hadi zilainike, kisha kitunguu, nyanya na tui la pakiti. Mbuzi ya kukunia nazi iache ipumzike, leo si Idi.

Siri iko mwishoni: kamulia ndimu juu. Vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye choroko. Chai hufanya kinyume chake, kwa hiyo isubiri kama saa moja baada ya kula. Najua kikombe kiko mkononi. Kiweke chini.

*Kurudia:* leo na kesho. Keshokutwa zigeuze supu, ujidanganye kwamba umepika kitu kipya.

6. Dagaa wa kukaanga na nyanya

Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Wewe hata upwani hujaenda: dagaa wamesafiri wenyewe kutoka Mwanza na Kigoma, wamekauka, wametulia sokoni wanakungoja. Kwa kuwa wanaliwa na mifupa yao, kalisi unaipata bila kuandikiwa na daktari. Waoshe kwa maji ya vuguvugu mchanga utoke, wakaange na kitunguu, nyanya na ndimu. Vichwa toa ukipenda. Hakuna mkaguzi atakayekuja.

Wa Ziwa Victoria wanaitwa omena upande wa Kenya na mukene upande wa Uganda. Majina matatu, harufu moja: hapo ndipo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipofanikiwa kabisa.

*Kurudia:* mara mbili kwa wiki. Mara ya tatu paka wa mtaa watakuwa wanakuita kwa jina.

5. Mchicha wa karanga na ugali wa dona

Tuwe wakweli, ugomvi wako si na mchicha. Ni ule uchambuzi: majani huku, mashina kule, konokono katikati. Basi lipia. Gengeni wapo wanaokuchambulia na kukukatia, na Nairobi mama mboga hukata sukuma wiki nyembamba huku umesimama. Ombi ni moja tu, ioshwe kabla ya kukatwa. Ukifika nyumbani, mafuta kidogo, kitunguu, mboga dakika chache, karanga za kusaga, basi.

Karanga zenye ukungu tupa bila huruma. Sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha, wala kwa kuombea. Na unga chukua dona. Sembe ni nyeupe, inapendeza kwenye picha, lakini dona ndilo lililobaki na pumba na kiini, na ndiko ziliko nyuzinyuzi.

Shirika la Afya Duniani linataka angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Kile kipande cha nyanya juu ya zege hakimo kwenye hesabu.

*Kurudia:* mara nne kwa wiki. Ugali hauna mashabiki wa msimu.

4. Mama ntilie, kwa mpango

Hii nayo ni kupika? Hapana, na ndipo utamu ulipo. Ila agiza kama mtu mwenye akili timamu: wali nusu, maharage mengi, mboga za majani mara mbili, mafuta yale ya juu yabaki kwenye sufuria yake. Mama ntilie hakasiriki ukiomba mboga mara mbili. Hukasirika ukimpa noti ya elfu kumi saa moja asubuhi. Au nunua wali peke yake, ukautie mboga yako uliyoipika namba 5. Papai au chungwa la kufunga kazi linauzwa hapohapo jirani.

*Kurudia:* hadi jina lako liingie kwenye daftari la madeni. Hapo rudi jikoni kwa amani.

3. Makande

Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, na maharage yanayo tele. Maharage yana uhaba wa methionini, na mahindi yanayo. Ndoa hii haikuhitaji mshenga. Weka vyote kwenye sufuria moja Jumapili, nenda kafue nguo, rudi. Ukiona hilo nalo ni zito, mijini Kenya githeri (ndiyo makande hayahaya) iliyokwisha kuchemshwa huuzwa kwa kupimiwa. Wewe kazi yako ni kitunguu, nyanya na karoti.

Kama unadhani chakula hiki hakina hadhi, kumbuka Agosti 8, 2017. Mkenya mmoja alipigwa picha Nairobi kwenye foleni ya kupiga kura, anakula githeri yake kwenye mfuko wa plastiki bila habari na mtu. Picha ikazunguka nchi nzima, na kabla mwaka haujaisha akatunukiwa nishani ya taifa. Siku 20 baada ya kura ile, Kenya ikaanza kutekeleza marufuku ya mifuko ya plastiki. Githeri haikuguswa.

*Kurudia:* siku tatu. Nishani haijahakikishwa.

2. Kiporo

Pika mara moja, kula mara tatu: hiyo ndiyo dini ya mvivu, na kiporo ndicho ibada yake. Lakini ina masharti, hasa wali. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye mbegu zake hustahimili kuchemshwa, na wali ukilala juu ya jiko usiku kucha huzaliana na kuacha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Kwa hiyo ugawe kwenye vyombo vidogo upoe upesi, uingie kwenye friji ndani ya saa 2, uliwe kesho yake, upashwe mara moja hadi utoe mvuke kila upande.

Huna friji? Pika kinachokwisha usiku uleule. Ujasiri si friji.

*Kurudia:* jina lenyewe limeshajibu.

1. Sufuria ya maharage

Bingwa, na hakuna rufaa. Kama ulisoma bweni, ulikula maharage miaka minne ya sekondari, ukahitimu ukiwa mzima. Uwezo wa kurudia unao, na cheti unacho. Kilichokosekana kwenye maharage yale ni kitunguu, nyanya na ndimu. Wadudu hawakukosekana.

Kazi yake kubwa unaifanya ukiwa umelala: yaloweke usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yale, tia mapya, yachemke kwa moto mkali dakika 10 kamili kabla ya kupunguza. Hapo usifanye ujanja. Maharage mekundu yasiyoiva yana sumu yake ya asili inayotapisha. Baada ya hapo punguza moto, yaache yajipikie hadi yalainike. Chumvi baadaye. Ukiwa na sufuria ya presha, gesi yako nayo itakushukuru.

Sasa ugawaji, kwa mwenye friji. Jumapili usiku yaunge kwa tui, ule na wali. Jumatatu yaponde kidogo, ule na chapati mbili za mama ntilie. Jumanne weka juu ya kiazi lishe. Jumatano yale baridi na kachumbari na ndimu nyingi, uite saladi ukipenda kujikweza. Hapo hujawasha moto wa maana tangu Jumapili. Yatakayozidi yagandishe kwenye vyombo vidogo. Ndiyo akiba ya siku ambayo hata kuwasha kiberiti kunakuchosha.

*Kurudia:* bila kikomo. Mgeni akinung'unika kwamba jana pia yalikuwa maharage, mkabidhi mwiko.