Sahani ya Mama

Mwaka ule viazi vya Shangi vilikuwa vimejaa Kiirua, magunia yamepangwa kandokando ya barabara yakingojea malori, na Mama hakutaka hata kimoja. Alikuwa amepatikana na ugonjwa wa sukari. Kliniki ilimpa metformini na maagizo mawili: ale kidogo kidogo mara nyingi, na asimeze kidonge tumbo likiwa tupu.

Agizo la pili lilidondoka njiani kabla hajashuka kwenye bodaboda. Mama amelelewa kuamini kwamba dawa hunywewa alfajiri, kinywa hakijaonja kitu, na asiyefanya hivyo anaidharau dawa. Kufikia saa mbili asubuhi alikuwa ameinama nyuma ya zizi, huku mjukuu akimsomea kwenye simu kwamba asili ya kidonge hicho ni mmea uitwao galega, na kwamba daktari mmoja wa Paris, Jean Sterne, ndiye aliyetangaza mwaka 1957 jinsi alivyowatibu nacho wagonjwa wa sukari.

"Na hapa wanasema mmea wenyewe unaua kondoo, nyanya."

"Kondoo wana bahati," akasema Mama. "Wao hufa mara moja."

Hapo ndipo ilipokuwa kazi. Metformini hupunguza hamu ya kula, na majuma ya kwanza huwachafua wengi tumbo. Kinachotuliza kichefuchefu hicho ni chakula, yaani kitu kilekile ambacho mgonjwa hataki kukiona. Na vile ambavyo sisi huwakimbizia watu wenye kichefuchefu, soda na chai yenye vijiko vinne vya sukari, ndivyo Mama alivyokatazwa.

Mke wangu alitafuta sahani ya plastiki ya mtoto. Akaweka nusu ya kiazi cha kuchemsha, maharagwe vijiko viwili, managu kidogo, bila mafuta. Mama akila nusu, anapewa kidonge, kisha anamalizia. Baada ya saa chache sahani inarudi tena. Mama alinung'unika kwamba analishwa kama kifaranga, lakini nyuma ya zizi hakwenda tena.

Kisha mama mdogo akaja kutoka Ruiri kumwona dada yake, na akafika sahani ikiwa mezani.

"Binti yangu," akamwambia mke wangu kwa upole wa kutisha, "hicho ni cha mtoto gani?"

Asiyekulia kwetu hawezi kujua uzito wa swali hilo. Mkaza mwana anayempakulia mama mkwe chakula kidogo hata sahani inaonekana chini yake amejiandikia kesi, na hakuna cheti cha daktari kitakachomtetea. Mama mdogo alivua leso, akajifunga aproni, akaliteka jiko. Jioni Mama aliwekewa mlima wa mukimo na nyama ya mbuzi inayoogelea kwenye mafuta. Kwa kuogopa kumwaibisha dada yake, akala wote.

Mafuta hukaa tumboni muda mrefu hata kwa mtu mzima wa afya. Usiku huo tulizunguka na beseni, tochi na maji ya tangawizi, na mbwa wa jirani akatusindikiza kwa kelele. Jumapili, akina mama kanisani walishajua kwamba nyumbani kwangu kuna mkaza mwana anayemnyima mama mkwe chakula, hata akaugua. Mke wangu aliimba nyimbo zote za misa huku ameuma meno.

Aliyetuokoa ni mjomba. Yeye huuza miraa ya Maua, na bado anaomboleza mwaka 2014, Uingereza ilipoipiga marufuku. Alisikiliza pande zote, akamgeukia Mama.

"Dada, umewahi kuona mtafunaji mzoefu akianza na njaa? Ukishaanza kutafuna, hamu ya kula inakwisha. Kwa hiyo unakula kwanza. Kidonge chako kina tofauti gani?"

Karatasi ya kliniki ilikuwa imesema hayohayo, kwa maandishi meusi. Lakini karatasi haijawahi kuuza miraa. Kesho yake Mama mwenyewe aliitisha sahani ya plastiki.

Siku ya kliniki ilipofika, mama mdogo alisisitiza kumsindikiza, ili amweleze daktari jinsi dada yake anavyoteswa. Tulikuwa tumekaa kwenye foleni, muuguzi akapita, akasimama, akamtazama yeye, si Mama.

"Mama wa Ruiri! Mbona mwezi uliopita hukuja kuchukua metformini yako?"

Mama mdogo alianza ghafla kutafuta kitu mkobani. Ndani mlikuwa na kitambaa kilichofungwa fundo, na ndani ya kitambaa viazi vidogo vya kuchemsha, vimemenywa, bila hata tone la mafuta.

Mama aliviangalia, akamwangalia dada yake, akanyoosha mkono.

"Lete kimoja. Zamu yetu bado iko mbali."