Muulize Shangazi: Joho Limerudi, Deni Limebaki

Shangazi, shikamoo. Nimemaliza chuo, nimeajiriwa ualimu kwenye halmashauri, mshahara kama 700,000. Benki mbili zinanikimbiza na mkopo wa milioni 3, zote riba 18% kwa mwaka, miezi 36. Nataka godoro, friji na sofa. Nichague ipi?
Mwalimu Mpya, Singida

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa kukimbizwa. Mwaka jana ulikuwa unaomba vocha.

Maafisa mikopo wote wawili wamekutajia 18, na hakuna aliyedanganya. Mmoja anapiga riba kwenye milioni 3 kamili hadi mwezi wa mwisho, hata ukiwa umebakiza laki. Huyo utamlipa kama 128,300 kila mwezi. Mwenzake anapiga riba kwenye salio tu: kama 108,500. Ukimaliza miezi 36, tofauti inapita 700,000. Ni mshahara wako wa mwezi mzima, na sofa litakalonunuliwa nao hutalikalia wewe.

Kwa hiyo achana na asilimia. Dai jedwali la marejesho, usome jumla iliyo chini kabisa. Ulizia ada ya mkopo, bima, na tozo ya kulipa mapema. Ada na bima zikikatwa juu kwa juu, mkononi unapata pungufu, ila riba inahesabiwa kwenye milioni 3 ile ile.

Halafu mbona humtaji mdai wako wa kwanza? Bumu ulilokuwa unalingojea kwa maombi, Bodi ya Mikopo sasa inalidai kwa kukata 15% ya mshahara: 105,000. Usikope benki ili umalizane nao. Tangu 2021 ile tozo ya 6% ya kulinda thamani imefutwa. Utakuwa unahama kwenye deni lililotulia kwenda kwenye linalozaa. Toa pia mfuko wa pensheni na bima ya afya. Kanuni inataka ubaki na theluthi ya mshahara, lakini kanuni haimjui mwenye nyumba wako.

Chukua mkopo wa riba ya salio, milioni 1, ununue godoro. Sofa la nini? Bado huna wageni.

Shangazi, sina kazi. Baba anataka kuweka rehani hati ya shamba nifungue duka.
Mhitimu, Moshi

Shahada yako benki hawaitaki, maana mnadani haina mnunuzi. Shamba linaye, tena yuko jirani na baba yako. Kaulizeni kwanza halmashauri: 10% ya mapato yake ya ndani ni ya mikopo isiyo na riba, na 4 kati ya hizo ni za vijana. Sharti muwe kikundi, na ndani ya kikundi awepo anayejua kuandika daftari la mauzo. Hati irudi sandukuni.

Na wewe wa Mbagala unayeuliza kama kubadilisha laini kunafuta deni la mkopo wa kwenye simu: hapana. Namba zote ulizohifadhi wanazo. Mimi wameshanipigia mara mbili.