Ahadi Ni Deni: Madeni Nane ya Mitandao ya Kijamii

Kila baada ya miezi kadhaa mtandao fulani hutuletea ujumbe: faragha yako ni muhimu kwetu, bonyeza hapa ukubali masharti mapya. Tunabonyeza. Nyuma ya ujumbe huo kuna picha za harusi ya binamu, masharti ni marefu kuliko hotuba ya mgeni rasmi, na binamu amependeza. Sisi hatuna kosa.

Kosa ni la walioahidi wakavunja. Wahenga walishasema ahadi ni deni, na wenye mitandao wanadaiwa. Haya hapa madeni manane, yakihesabiwa kurudi nyuma, kutoka lile la kuudhi hadi lile la kuumiza. Ukisoma kila moja, jiulize swali moja tu: ahadi ilipovunjika, nani alipata?

8. Picha itatoweka yenyewe

Snapchat ilijipatia jina kwa ahadi tamu: tuma picha, itazamwe sekunde chache, ipotee. Vijana wakaamini, wakatuma picha ambazo wasingethubutu kumwonyesha hata dada yao. Mei 2014 FTC, tume ya Marekani inayolinda watumiaji, ikaeleza jinsi picha hizo zilivyokuwa hazipotei. Mpokeaji aliweza kupiga picha ya skrini, aliweza kuzihifadhi kwa programu nyingine, na video zilikaa ndani ya simu zikimngoja yeyote mwenye waya na kompyuta. Juu ya hayo, Snapchat ilikuwa ikizoa majina na namba kutoka simu za iPhone bila kuomba ruhusa.

Kampuni ikakubali faragha yake ikaguliwe kwa miaka 20. Miaka 20, jamani! Mtoto anazaliwa, anamaliza shule, anaingia chuo, na mkaguzi bado yuko kazini.

7. Wafanyakazi wetu hawakuchungulii

Weka herufi kubwa, weka tarakimu, weka alama ya mshangao, na nywila yako usiiandike popote. Tumefundishwa hivyo na tumetii. Machi 2019 Facebook ikakiri kwamba nywila za mamia ya mamilioni ya watumiaji zilikuwa zimehifadhiwa kwenye mifumo yake ya ndani zikisomeka wazi, herufi kwa herufi. Mtumiaji hakuandika popote. Aliyeandika ni mlinzi. Septemba 2024 mdhibiti wa Ireland aliitoza Meta, jina jipya la kampuni hiyo, euro milioni 91.

TikTok nayo isicheke. Desemba 2022 ByteDance, mmiliki wake, ilikiri kwamba baadhi ya wafanyakazi walifungua taarifa za waandishi wa habari wakisaka nani anawavujishia siri za kampuni. Mwandishi wa habari akifuatiliwa kupitia programu ya kuchezea muziki, hilo si tatizo lake peke yake. Ni letu sote tunaomtegemea.

6. Tupe namba ya simu, ni ya usalama tu

Ushauri wenyewe ni mzuri: weka ulinzi wa hatua mbili, ili mwizi akiipata nywila akwame kwenye msimbo unaotumwa kwa simu yako. Kati ya 2013 na 2019, watu zaidi ya milioni 140 waliipa Twitter namba zao za simu au barua pepe kwa sababu za usalama. Twitter ikazitumia namba hizo hizo kuwasaidia watangazaji kuwalenga wenye nazo. Mei 2022 ikatozwa dola milioni 150. Facebook ilikuwa na mchezo kama huo, na FTC iliutaja katika kesi yake ya 2019.

Deni hili linaudhi kwa namna ya pekee, maana limemuumiza mtu mwangalifu. Aliyepuuza ushauri hakutoa namba. Aliyesikiliza ndiye aliyenadiwa. Iliombwa namba ya kutulinda, ikatumika kutuwinda.

5. Programu hii inailinda simu yako

Mwaka 2013 Facebook iliinunua Onavo, kampuni ya Israel yenye programu ya VPN. Watu waliambiwa itawalinda wanapoperuzi. VPN hupitisha mawasiliano ya simu yako mahali pamoja, ndiyo maana mwenye mahali hapo lazima awe mtu wa kuaminika. Facebook ikapageuza kibanda cha kuchungulia: watu wanafungua programu zipi, mara ngapi, kwa muda gani. Nyaraka zilizotolewa na kamati ya Bunge la Uingereza Desemba 2018 zilionyesha WhatsApp ikiwa miongoni mwa programu zilizopimwa hivyo, na kwamba taarifa hizo ziliisaidia Facebook kuamua kampuni zipi izinunue.

Agosti 2018 Onavo ikaondolewa kwenye duka la Apple. Januari 2019 tovuti ya habari ya TechCrunch ikafichua ndugu yake: programu nyingine ya Facebook iliyowalipa watu wa miaka 13 hadi 35 kiasi cha hadi dola 20 kwa mwezi ili waache simu zao zitazamwe karibu kila pembe. Kwetu mtoto wa miaka 13 hasajiliwi laini bila mzazi. Huyu simu yake nzima ilinunuliwa kwa bei ya viatu. Julai 2023 mahakama ya shirikisho ya Australia ilizitoza kampuni mbili za Meta jumla ya dola milioni 20 za nchi hiyo kwa sababu ya Onavo.

4. Unaona walichoandika marafiki zako

Kwa wiki moja, Januari 2012, kurasa za watu 689,003 wa Facebook zilichezewa kwa ajili ya utafiti. Wengine walipunguziwa habari za furaha za marafiki zao, wengine walipunguziwa za huzuni, kisha wakapimwa wao wenyewe wameandika nini. Hakuna aliyeulizwa. Dunia ilijua Juni 2014, utafiti ulipotoka katika jarida la kisayansi la PNAS ukisema kwamba hisia huambukiza, ingawa kwa kiasi kidogo.

Katika watu wengi hivyo hakosi aliyekuwa akiuguza mgonjwa, au aliyetoka kuzika. Wiki hiyo neno jema la rafiki yake lilizuiwa njiani ili apimwe. Hospitali ikitaka kukujaribia dawa hukueleza kwanza, kisha hukupa karatasi utie sahihi. Hawa hawakubisha hata hodi.

3. WhatsApp itabaki ile ile

Hapa ndipo tunapoishi: kikundi cha ukoo, cha kikoba, cha msiba, cha wazazi wa darasa la nne. Facebook ilipoinunua WhatsApp mwaka 2014 kwa dola bilioni 19, watumiaji waliahidiwa kwamba kwao hakuna kitakachobadilika. Agosti 2016 masharti mapya yakaruhusu namba zao zipelekwe Facebook. Mei 2017 Tume ya Ulaya ikaitoza Facebook euro milioni 110. Wakati wa ununuzi Facebook iliiambia Tume kwamba haina njia ya uhakika ya kuoanisha yenyewe akaunti za pande hizo mbili, kumbe uwezo huo ulikuwapo na wafanyakazi wake waliujua.

Tutende haki: tangu 2016 ujumbe wa WhatsApp hufungwa kwa msimbo kutoka simu hadi simu, na kampuni haisomi mnachoandikiana. Hilo ni jema na lisemwe. Lakini uliongea na nani, saa ngapi, mara ngapi, uko katika vikundi gani, hayo yanasimulia mengi. Mtu akipigiana na daktari wa saratani, kisha na mama yake, kisha na wakili, anayeiona orodha hiyo hahitaji kusikia neno hata moja.

Januari 2021 yalipokuja masharti mengine ya kubali au ondoka, watu kwa mamilioni walikimbilia programu nyingine za ujumbe, Signal na Telegram, na kampuni ikasogeza siku ya mwisho kutoka Februari hadi Mei. Nguvu ya miguu yetu hiyo! Septemba mwaka huo Ireland iliitoza WhatsApp euro milioni 225 kwa kutowaeleza watu waziwazi taarifa zao zinatumikaje. Brian Acton, mmoja wa waanzilishi wake, alikuwa ameshaondoka tangu 2017, akaipa Signal dola milioni 50, na Machi 2018 akawahimiza watu waifute Facebook. Aliyeijenga WhatsApp kwa mikono yake ametuonya. Tumsikilize.

2. Kama hujajiunga, hatukujui

Bibi yako kijijini hana Facebook wala Instagram. Ana simu ya vitufe na redio. Hata hivyo jina lake na namba yake vimeshafika mitandaoni, kwa sababu mjukuu alibonyeza “ruhusu” programu ilipoomba orodha ya majina iliyo kwenye simu yake. Aprili 2018, mbele ya Baraza la Wawakilishi la Marekani, Mark Zuckerberg, mkuu wa Facebook, alikubali kwamba kampuni yake hukusanya taarifa za watu wasiojiunga, akasema ni kwa ajili ya usalama. Usalama wa nani, bwana? Bibi hakuulizwa.

Na kilichokusanywa huvuja. Aprili 2021 namba za simu, majina na taarifa nyingine za watu milioni 533 wa nchi 106 zilimwagwa hadharani, baada ya kuchotwa kupitia kifaa kile kile cha kutafutia marafiki kwa orodha ya namba. Iliripotiwa kwamba namba ya Zuckerberg mwenyewe ilikuwamo. Yeye atabadilisha laini. Sisi namba ya simu ndiyo pochi: humo hupita mshahara, karo na mchango wa harusi, na nani hajawahi kutumiwa “ile hela tuma kwenye namba hii”? Tapeli anayejua namba pamoja na jina lako kamili ameshamaliza nusu ya kazi.

Orodha ya majina ndiyo pia iliyogeuzwa fimbo na baadhi ya watoa mikopo ya simu. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliitoza Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba ilizozipata kwa watu wengine kutuma vitisho. Katika tangazo hilo hilo klabu ya Casa Vera ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kubandika mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule ya Roma shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto zilizobandikwa bila idhini ya wazazi. Deni hili basi lina mkono wetu pia. Mtoto wa mwenzio akipendeza, msifu, kisha muulize mwenzio kabla hujambandika.

1. Taarifa zako haziendi popote bila idhini yako

Watu wapatao 270,000 walijibu maswali ya programu ya kupima tabia iliyotengenezwa na Aleksandr Kogan, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Kanuni za Facebook za wakati ule ziliiruhusu programu hiyo kuchota taarifa za aliyejibu na za marafiki zake pia. Idadi ikapanda hadi watu milioni 87. Kwa kila mmoja aliyekubali, wengine zaidi ya 300 hawakujua hata kwamba kulikuwa na swali.

Taarifa hizo zikaishia kwa Cambridge Analytica, kampuni ya London iliyouza ushauri kwa wanasiasa. Gazeti la The Guardian liliandika habari hiyo Desemba 2015. Facebook ikaitaka kampuni izifute, ikaridhika na neno lake, na wenye taarifa haikuwaambia. Walikuja kujua Machi 2018, Christopher Wylie, aliyewahi kufanya kazi humo, alipojitokeza kusema. Miaka zaidi ya miwili ya kimya!

Mwezi huo huo kamera ya siri ya televisheni ya Channel 4 ya Uingereza ilimnasa Mark Turnbull, mmoja wa wakuu wa kampuni hiyo, akijigamba jinsi walivyoendesha kampeni za Uhuru Kenyatta nchini Kenya mwaka 2013 na 2017, hadi kukibadilisha chama sura na kuandika ilani. Mpiga kura wa Nyeri au Kisumu hakuwahi kuambiwa kwamba maneno aliyoyashangilia au kuyaogopa yalipimwa na watu wa London. Hapo faragha haikuwa tena jambo la mtu na simu yake, iligusa kura.

Uingereza ilitoza Facebook pauni 500,000, kiwango cha juu kabisa cha sheria yake ya wakati huo. Julai 2019 FTC ikatoza dola bilioni 5, na magazeti yakaandika kwa herufi kubwa. Mwaka huo Facebook iliingiza zaidi ya dola bilioni 70. Piga hesabu: ni mapato ya chini ya mwezi mmoja. Anayeweza kulipia kuvunja ahadi kwa mapato ya mwezi ataivunja tena, na ndiyo maana deni hili limekaa juu ya yote.

Basi tufanyeje?

Nani alipata? Mara nane jibu halikubadilika: mwenye mtandao. Mitandao hii huishi kwa matangazo, na matangazo huuzika kwa kumjua mtu. Anayelipwa kwa kukujua hawezi kuwa mtunza siri zako, hata akiwa na moyo mzuri kiasi gani. Tuache kubishana juu ya nia zao, tudai uwezo wa kukataa.

Sehemu ya uwezo huo tayari tunayo. Mwaka 2011 Max Schrems, mwanafunzi wa sheria kutoka Austria, aliitaka Facebook impe taarifa zake, akapewa zaidi ya kurasa 1,200, humo yakiwamo mambo aliyodhani ameyafuta. Kenya ina sheria yake ya ulinzi wa data tangu 2019, na ya Tanzania ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023; zote mbili zinakupa haki ya kuomba taarifa zako, kuzisahihisha na kudai zifutwe. Omba! Kisha shika simu: ondoa ruhusa ya orodha ya majina, zima ya mahali ulipo, futa programu ulizoziunganisha na akaunti zako ukazisahau.

Usidharau kidole chako. Aprili 2021 Apple ilizilazimisha programu za iPhone ziulize kwanza: unaruhusu tukufuatilie? Watu wengi wakajibu hapana. Februari 2022 Meta yenyewe ilikadiria kwamba mabadiliko hayo yangeikosesha takriban dola bilioni 10 mwaka huo. Serikali ya Marekani na mawakili wake wote ilitoza bilioni 5. Watu wa kawaida, kila mmoja kwa kidole kimoja, walitoza maradufu. Ukiulizwa, kataa. Na pale wasipouliza, tuwashinikize wabunge na wadhibiti wetu mpaka wawalazimishe kuuliza.