Visiwa, Magofu na Jua: Mwongozo kwa Mgeni wa Mwanza

Anayetamani nchi ya jua, visiwa na magofu hana haja ya kuhangaikia viza ya Ugiriki. Apande basi la Mwanza. Jua lipo mwaka mzima, maana mji uko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Visiwa utavihesabu mpaka uchoke. Na magofu nayo yapo, ila sharti ujue kuyatambua. Hapo ndipo wageni hukosea tangu siku ya kwanza.

Ukishuka utaona vilima vya majabali yaliyobebana, moja limekalia jingine kana kwamba aliyeliweka ameenda kunywa chai na atarudi. Usiulize ni mfalme gani aliyejenga. Hayo ni mawe tu. Kazi ya watu ni zile nyumba zilizopachikwa katikati yake, kule Igogo na Mabatini, na ukikaribishwa huko, jipe muda wa kupanda na usijifanye huhemi. Jiwe la Bismarck, lile lililosimama majini karibu na kivuko cha Kamanga, lina jina la chansela wa Ujerumani ambaye hakuwahi kuliona. Wewe umelitia machoni, basi umeshamzidi.

Sasa mipango. Mgeni huanza na kalenda, na kalenda ndiyo humponza. Visiwani hukumu ni ya mwezi, ule wa angani. Wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikikolea, dagaa hawaitiki taa na wavuvi hupumzika. Ukifika Ukerewe wakati wa giza utaona taa zimetanda ziwani, nawe utaapa kuna mji mkubwa kule mbele. Usiulize jina lake. Asubuhi mavuno ya mji huo yatakuwa yameanikwa ufukweni, na harufu yake utaipata kabla hujayaona. Mwenye pua ya kifahari aje mbalamwezi. Mwenye njaa aje gizani.

Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote ndani ya Ziwa Victoria, kama kilomita za mraba 530, na meli ya kwenda Nansio huchukua takriban saa tatu. Ipo pia njia ya barabara kupitia Bunda hadi Kisorya, kisha kivuko mpaka Rugezi. Ni ndefu, lakini humfaa ambaye tumbo lake halipatani na mawimbi. Melini utakaa na magodoro, kreti za soda na mbuzi, wote wakiwa wamezoea safari kuliko wewe. Ukimwamkia mzee, shikamoo yatosha. Ukiongeza salamu ya Kisukuma, “mwangaluka” asubuhi au “mwadila” jioni, utapewa nafasi ya kukaa, na pengine kipande cha muhogo.

Kuhusu vyombo kujaa, mzaha usubiri. MV Bukoba ilizama karibu kabisa na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya watu. Wengi wao wamezikwa Igoma. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka jirani na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio. Kilikuwa kimeruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Kwa hiyo ukiona watu wamebanana na jaketi za kujiokolea hazionekani, shuka, ununue ndizi, usubiri chombo kingine. Atakayekucheka mwache atangulie.

Ukifika ufukweni maji yatakuita. Wakati unavua viatu, konokono wa ziwani wanakusubiri na kichocho chao. Watoto utakaowaona wakipiga mbizi si ushahidi kwamba ni salama. Waulize walimu wao kuhusu vidonge vinavyogawiwa shuleni.

Tuje kwenye magofu. Anayetaka nguzo za marumaru atavunjika moyo. Kuna Kageye, ambako Henry Morton Stanley alifikia mwaka 1875 kabla ya kulizunguka ziwa kwa mashua yake, na ambako mwenzake kijana, Frederick Barker, alifia. Kuna jumba la watemi wa Ukerewe pale Bukindo: omba ruhusa, keti, kunywa ulichopewa, ndipo uanze maswali yako. Ukara wana jiwe ambalo wenyewe husema hucheza likiimbiwa. Usilisukume kulijaribu, lina wenyewe, na usipolipa heshima yao halitacheza, nawe utarudi ukisema ni uongo.

Lakini kwa maoni yangu mnara mkubwa wa Ukerewe haupigiki picha. Aniceti Kitereza alimaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapishwa mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Miaka 35 ya kusubiri! Mwaka uliofuata akafariki. Ni juzuu mbili nene, zimejaa pombe ya ndizi, ukwe na dawa za uzazi. Anayelalamika kwamba meli imechelewa saa moja apewe asome.

Mwenye fedha aende Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977. Sokwe wa huko ni uzao wa waliofunguliwa kisiwani kati ya 1966 na 1969, wakitoka kwenye mabanda ya Ulaya. Hao ndio watalii pekee ninaowajua waliofika ziwani bila tiketi ya kurudi na hawajalalamika. Kwa anayepitia Busisi kwenda huko, foleni ya kivuko haipo tena. Tangu Juni 2025 kuna daraja la kilomita tatu, kwa hiyo kisingizio hicho cha kuchelewa kimekwisha.

Siku ya kuondoka utanunua sato, kwa sababu nyumbani hawatakupokea mikono mitupu. Wafungwe na barafu kwenye boksi, nalo lizibwe kwa gundi pande zote. Kisha andika jina lako kwa herufi kubwa juu na ubavuni, maana uwanja wa ndege utakuta nusu ya abiria wana boksi hilohilo.