Waraka kwa wakuu wa shule zenye divisheni wani tupu

Waheshimiwa wakuu wa shule, na ninyi wamiliki mnaowaajiri,

Hongera nyingi. Kila matokeo ya Kidato cha Sita yakitoka nayaona mabango yenu barabarani: daraja la kwanza asilimia mia, la pili hakuna, la tatu hakuna, na vijana wamebebwa mabegani kama waliotwaa kombe. Wivu sina. Nina swali la hesabu tu, na kwa kuwa ninyi mna walimu wa Hisabati wa kutosha, neema ambayo shule nyingi za kata bado zinaiombea dua, naamini jibu halitachelewa.

Matangazo yenu ya nafasi za Kidato cha Tano nayasoma kwa makini. Serikali inamtaka mwombaji awe na angalau C tatu katika masomo yasiyo ya dini. Ninyi hiyo mmeiona nyepesi. Mmoja wenu anataka B katika kila somo la tahasusi. Mwingine anataka daraja la kwanza, tena lile la pointi chache kabisa, si la kuchechemea hadi 17. Wa tatu anawaita watoto kwenye usaili wa karatasi, na fomu ya usaili inauzwa. Atakayekosa nafasi fedha yake hairudi. Labda ni mchango wake katika maendeleo ya elimu.

Kizingiti chenyewe sikipingi. Mtoto mwenye F ya Hisabati ukimpeleka tahasusi ya PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) unamwonea, humsaidii. Huko mwalimu anakimbizana na silabasi ya miaka miwili inayofundishwa kwa muda pungufu ya huo, hana wiki ya kurudi nyuma kumweleza mtu milinganyo ya Kidato cha Pili. Hilo nawapa bila ubishi. Ugomvi wangu ni kwamba mmekichukua kizingiti mkakitangaza kama ufundishaji.

Tuhesabu basi. Kidato cha Nne, A inaanzia alama 75. Kidato cha Sita, C inaanzia 60, na C tatu ni pointi tisa, na pointi tisa bado ni daraja la kwanza. Kwa hiyo kijana aliyekuja kwenu na A tatu, akakaa bwenini miaka miwili, akaamka saa kumi alfajiri kwa ajili ya prepo, wazazi wakauza kiwanja kulipa ada, kisha akatoka na C tatu, yumo kwenye bango anacheka. Najua mtihani wa juu ni mgumu zaidi na A za chini hazipandi zenyewe. Lakini chukueni na mwenzake, aliyechaguliwa kwenda shule ya serikali mkoani akiwa na C tatu za kubahatisha, 45 hii, 47 ile, akatoka na C mbili na D moja. Hizo ni pointi kumi, daraja la pili. Huyu hana bango. Mwalimu wake hana hata cheti cha pongezi.

Nani kati ya walimu hao wawili amefundisha zaidi? Mchuuzi anayechagua maembe mabivu sokoni Kariakoo tunamsifu kwa jicho lake, lakini hatujawahi kumwita mkulima.

Halafu hizo alama mnazoziabudu, mnakumbuka historia yake? Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012, na zaidi ya nusu ya watahiniwa wakawa wamepata sifuri. Nchi ikapiga kelele, tume ikaundwa, na Mei mwaka huohuo Serikali ikayafuta matokeo hayo ili yapangwe upya. Vijana kwa maelfu walipanda daraja bila kushika kalamu tena. Miezi michache baadaye ngazi zikapanguliwa: C ikashushwa hadi 40, na ikazaliwa B yenye alama ya kujumlisha ubavuni. Ukaja mfumo wa GPA, wa wastani wa alama, ukaondoka, tukarudi kwenye madaraja yetu ya zamani. Leo C inaanzia 45. Mtoto mwenye 42 ya Kemia mwaka 2013 alikuwa na krediti mkononi. Mdogo wake mwenye 42 hiyohiyo leo ana D. Mpaka huu umechorwa na watu, na watu haohao wamewahi kuusogeza. Ninyi mnaulinda kwa ukali kuliko waliouchora.

Na C si C. Iko C ya Fizikia ya mtoto aliyesoma na mwalimu tangu Kidato cha Kwanza, mwenye maabara, mwenye kitabu chake peke yake. Iko nyingine ya mtoto wa shule ya kata aliyetoka shule ya msingi akisoma kila kitu kwa Kiswahili, akapokelewa sekondari kwa Kiingereza, akatumia mwaka mzima kuuelewa ubao kabla ya kulielewa somo. Kwenye karatasi ya matokeo hazitofautiani. Mwalimu mzuri akikaa na hao watoto wawili wiki tatu, anajua C ipi ina nafasi ya kukua. Fomu yenu ya maombi haina mahali pa kuliandika hilo.

Wazee mtanisahihisha, lakini sekondari nyingi zisizo za Serikali hazikuzaliwa kwa ajili ya kuchambua waliofaulu. Miaka ambayo nafasi za Serikali zilikuwa chache mno, wazazi walichangishana, wakafyatua tofali, Jumuiya ya Wazazi ikajenga shule zake, ili mtoto aliyekosa nafasi apate pa kukaa. Zilikuwa mlango wa pili. Leo ada ya Kidato cha Tano na cha Sita katika shule za Serikali imefutwa, tangu 2022, na mwenye C tatu aliyekosa kupangiwa anapokuja kwenu na fedha mkononi anaambiwa pole, sisi tunachukua wale ambao wasingetuhitaji.

Wanaoingia nao hawako salama. Zipo shule ambazo mtoto asipofikia wastani wa shule, si wa taifa, wa shule, mzazi anaitwa ofisini anapewa soda na barua ya uhamisho. Na wapo wanaobaki, wanalala bwenini na kula ugali wa shule, ila kwenye mtihani wa taifa wanasajiliwa kituo kingine kama watahiniwa wa kujitegemea. Bango linabaki safi. Wizara imekemea michezo hii, nanyi mmeitikia kwa heshima na kuendelea.

Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora, likisema utaratibu ule hauna tija. Nilidhani mtapumzika. Badala yake mmejipanga wenyewe, na kwa muujiza ambao walimu wenu wa Hisabati wanaweza kutueleza, kila mmoja ametokea ndani ya kumi bora.

Ombi langu ni dogo na halina gharama. Kwenye bango lijalo, pembeni ya alama alizotoka nazo kila kijana, andikeni alizoingia nazo. Mnazo, ziko kwenye mafaili ya usajili, kwa sababu mtahiniwa wa Kidato cha Sita hasajiliwi bila namba yake ya mtihani wa Kidato cha Nne. Baraza nalo linazo namba zote mbili, na likitaka linaweza kutuchapishia wastani wa kila shule: waliingia na nini, walitoka na nini, wangapi walianza Kidato cha Tano na wangapi walifika chumba cha mtihani kwa jina la shule hiyohiyo. Nafasi ikikosekana kwenye bango, punguzeni picha ya basi jipya.

Na msimu huu wa maombi, kila tahasusi itengeeni watoto watano wenye C tatu. Wafundisheni. Matokeo yao yakiwa mazuri, nitakuja mwenyewe kushika ngazi mkitundika bango.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mzazi mmoja