Taa ya Njano, Mtu wa Pwani

Jahazi limesifiwa, nazi imesifiwa, na harusini husifiwa hata bwana harusi ambaye mtaa mzima unamjua. Leo zamu ni ya aliyesahaulika: ile taa ya njano yenye picha ya injini kwenye dashibodi, pamoja na mwandani wake, sensa mbovu.

Anayetaka kuithamini aende Ras Mkumbi, ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Mafia. Kutoka Kilindoni ni zaidi ya kilomita 50, na kwa miaka mingi njia hiyo imekuwa ya vumbi na mashimo. Gari limekwishaipita Kanga, Bweni bado, na taa inawaka. Papo hapo ugomvi wa nauli unakwisha. Dereva anazima redio asikilize injini, mama mwenye tenga la kuku anaanza kuvuta uradi, na kijana aliyekuwa akijidai kujua magari anatazama minazi. Sijaona mhadhara uliowahi kuleta utulivu wa namna hiyo.

Huko mwisho wa safari upo mnara wa taa waliojenga Wajerumani mwaka 1892, miaka miwili baada ya kukitwaa kisiwa. Ni mnara wa heshima zake, ila hauna staha: kila nahodha huambiwa waziwazi kwamba hapa pana mwamba. Taa ya njano ni mtu wa pwani hasa. Haimtaji mtu kwa jina. Inasema pana jambo, basi, kisha inakuachia fumbo lako.

Na hii si ya kuzaliwa uswahilini. Asili yake ni California, ambako moshi wa magari uliwachosha watu hadi jimbo likaamuru magari ya kuanzia toleo la 1988 yajichunguze yenyewe. Kufikia 1996 Marekani nzima ilitaka magari mapya yaongee lugha moja, kupitia soketi ya pini 16 chini ya usukani. (Magari yetu mengi yalitengenezwa kwa ajili ya barabara za Japani. Baadhi ya yale ya zamani yana soketi hiyohiyo, lakini fundi akichomeka mashine yake haambulii neno. Usiri juu ya usiri.)

Tuje kwa sensa ya oksijeni. Maskini huyu anaishi ndani ya eksozi, anachungulia moshi, analinganisha oksijeni iliyobaki humo na ya hewa ya nje, kisha anapeleka habari kwa umeme usiofika hata volti moja. Hawezi kazi mpaka apate joto la nyuzi 300 na zaidi, kwa hiyo amewekewa hita ya kumpasha upesi. Siku moja mashine ya fundi inasoma msimbo P0135. Maana yake ni kwamba saketi ya hita ina kasoro. Tazama adabu hiyo: saketi, si sensa! Mwenye pupa anasikia sensa. Anaagiza Dar es Salaam, inavushwa kutoka Nyamisati, inafungwa, msimbo unafutwa. Kesho kutwa taa hiyo. Muuza spea amekula, chombo kimekula, bodaboda amekula, fundi amekula. Ni mdhamini gani mwingine aliyegawa riziki kwa haki hivyo?

Kuna fundi mwingine, adui wa uchumi. Huyu hanunui kitu kabla hajachomoa soketi ya sensa na kuitazama. Anaweka mita kwenye hita: omu chache, nzima. Anageukia upande wa waya, umeme haufiki. Pini moja imeota ukijani kwa upepo wa chumvi. Anaikwangua, anaibana, anafunga. Kazi ya dakika chache, na mnyororo mzima wa walaji umelala njaa.

Hata isipokuwa na kosa, sensa hubeba lawama. Mpira wa hewa umepasuka, hewa inazidi petroli, sensa inaripoti hivyo kwa uaminifu, nasi tunaing'oa. Wahenga waliosema mjumbe hauawi hawakuwa na gereji.

Staha ina mpaka wake, lakini. Taa ikianza kupepesa, aghlabu injini inamisi, na petroli isiyoungua inakwenda kuyachoma masega ya katalisti ndani ya eksozi. Hapo fumbo limekwisha. Ondoa mguu kwenye mafuta, simama.

Wenye roho ngumu huibandikia stika, wengine huing'oa balbu. Afadhali yule muuzaji ninayemsikia akisimuliwa kila kijiwe, ambaye hakuificha wala hakuionea haya. Mteja alipomwuliza mbona taa ya injini inawaka, alimpigapiga begani: "Bosi, hiyo inakuonyesha kwamba injini ipo."